Nyuzi za jicho zinajuaje njia ya kwenda kwenye ubongo?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Shinyanga. Mtoto wangu wa pili, wa kike, ana miaka 6 na ana ualbino. Macho yake yanachezacheza, hayatulii, na miwani aliyopewa haikuyatuliza. Daktari wa macho alinieleza kwamba, mbali na mambo mengine, baadhi ya nyuzi zinazotoka kwenye macho yake zilikwenda upande usio wake wa ubongo alipokuwa tumboni. Tangu siku hiyo sina raha. Nyuzi hizo zinajuaje pa kwenda, na kwa nini za mwanangu zikapotea? Bibi yake anasema ni kwa sababu nilibeba maji kichwani hadi mwezi wa 8, na pia nilifiwa na baba yangu mimba ikiwa changa. Naomba kueleweshwa.

JIBU: Mwalimu, nianze na hilo linalokunyima usingizi, kisha ndiyo tuzungumze nyuzi. Ndoo ya maji haikupindisha unyuzi hata mmoja kwenye macho ya mwanao. Msiba wa baba yako, Mungu amrehemu, nao haukufanya hivyo. Ukinivumilia utaona kwa nini nasema bila kusitasita: kazi unayoiulizia inafanyika mahali ambapo uzito wa ndoo haufiki, na kwa mwanao iliamuliwa na kitu kilichokuwepo tangu siku mimba ilipotunga.

Kwanza tufike mahali penyewe. Nyuma ya kila jicho kuna retina, utando mwembamba unaopokea mwanga. Ndani ya utando huo zimo seli ambazo kila moja hutoa unyuzi mmoja mrefu. Nyuzi hizo, kama milioni 1 kwa kila jicho, hujikusanya na kuwa neva ya jicho. Neva ya kulia na ya kushoto hukutana chini ya ubongo, nyuma ya macho, zikatengeneza umbo la herufi X. Kitaalamu panaitwa kiasma. Mimi darasani nimezoea kupaita njia panda, kwa kuwa ndivyo palivyo. Kila unyuzi ukifika hapo una mawili tu: uvuke mstari wa katikati kwenda upande wa pili, au ugeuke ubaki upande wake.

Kwa nini nyingine zivuke na nyingine zibaki? Weka kikombe mezani, upande wako wa kushoto, kisha tazama mbele. Kikombe hicho kinaonwa na macho yako yote mawili. Ili ubongo ujue kiko mbali kiasi gani, habari zake kutoka jicho la kulia na jicho la kushoto lazima zikutane mahali pamoja, na mahali hapo ni ubongo wa kulia. Kwa hiyo kwenye jicho la kushoto, nyuzi zinazobeba picha ya kikombe (ziko upande wa puani) zinatakiwa kuvuka. Kwenye jicho la kulia, nyuzi zinazobeba picha ileile (ziko upande wa sikioni) zinatakiwa kubaki. Kwa binadamu zinazovuka ni zaidi kidogo ya nusu. Kwa panya, ambaye macho yake yametazama pembeni, karibu zote huvuka, na zinazobaki ni chache mno, asilimia 3 hadi 5 tu.

Sasa swali lako: unyuzi unajuaje?

Mtu wa kwanza kuona kinachoongoza unyuzi alikuwa Mhispania, Santiago Ramón y Cajal. Mwaka 1890 alikuwa akichunguza uti wa mgongo wa vifaranga ambao bado wamo kwenye yai, akitia rangi seli chache tu ili zionekane peke yake. Aliona kwamba kila unyuzi unaokua unaishia kwenye kivimbe kilichotanuka, chenye vijiti vinavyochomoza. Alichokuwa nacho kilikuwa ni vipande vilivyokufa na kutiwa rangi, lakini kutokana na picha hiyo tulivu alikisia kwamba kivimbe kile kinatembea, kinasukuma njia, na kinahisi kemikali zilizo mbele yake. Ninapowafundisha vijana sura hii huwa nasimama kidogo hapa, maana alikisia sawasawa, miaka mia moja kabla ya kemikali hizo kupatikana.

Wakati huo wapo waliobisha. Wengine walisema unyuzi hautoki kwenye seli moja, bali unaundwa na msururu wa seli zilizoshikana mikono toka mwanzo hadi mwisho. Ubishi huo ulimalizwa na Mmarekani Ross Harrison mwaka 1907. Alichukua kipande kidogo cha tishu changa ya neva ya kiinitete cha chura, akakiweka ndani ya tone la limfu ya chura, yaani majimaji ya mwilini mwake, akageuza kioo ili tone lining'inie, akaziba pembeni hewa isikaushe, kisha akatazama kwa hadubini siku baada ya siku. Unyuzi ukatoka kwenye seli ukaingia ndani ya limfu tupu, hakuna msururu wa seli, na mbele yake kivimbe cha Cajal kikiwa hai, kinatembea. Ilikuwa pia ni mara ya kwanza tishu ya mnyama kukuzwa hivyo nje ya mwili huku mtu akiitazama ikifanya kazi yake.

Nilikiona kivimbe hicho kwa macho yangu nikiwa mwanafunzi. Tulikata kipande cha retina ya kifaranga kutoka yai la siku ya 6, kidogo kuliko chembe ya mchele, tukakilaza juu ya kioo kilichopakwa protini. Asubuhi yake nyuzi zilikuwa zimetoka pande zote kama nywele. Nikachagua moja nikakaa nayo. Dakika za kwanza unadhani hakuna kinachotokea. Kisha jicho linazoea, na unaona kwamba kile kivimbe ni mkono. Kina kiganja chembamba na vidole vyembamba zaidi, na kila kidole kinanyooka, kinapapasa, kinarudi, kinanyooka tena mahali pengine. Mtu akiamka usiku umeme umekatika ndivyo anavyoutafuta mlango. Kidole kilichogusa mahali panaponata hakirudi. Kiganja kinakifuata, na unyuzi wote unasogea hatua. Kwa siku nzima unatembea milimita 1 hivi, wakati mwingine chini ya hapo.

Ndani ya vidole hivyo mna vijiti vya protini inayoitwa aktini, vinavyojengwa kwa mbele na kubomolewa kwa nyuma bila kupumzika. Kidole kikipata pa kukanyagia, ule msukumo unageuka mwendo, halafu mirija migumu zaidi, mikrotubuli, inaingia nyuma yake na kuufanya upande huo kuwa shina. Kugeuka kulia au kushoto maana yake ni hiyo tu: upande mmoja wa mkono vidole vimeshika, upande mwingine vimenywea.

Basi unyuzi hauna ramani kichwani. Una vidole. Unasoma kilichopo pale ulipo, unasogea, unasoma tena.

Lakini ukisoma kitu lazima kiwe kimeandikwa, na kwa muda mrefu wanasayansi wengi waliamini hakuna kilichoandikwa. Walidhani nyuzi hukua ovyo, kisha mazoezi na matumizi ndiyo yanayopanga zipi zibaki. Aliyeivunja imani hiyo ni Roger Sperry, kwa jaribio ambalo ukilisoma hulisahau. Miaka ya 1940 alikata neva ya jicho la chura, akaligeuza jicho lenyewe juu chini ndani ya tundu lake, akaacha neva ijiotee upya, jambo ambalo chura huliweza na sisi hatuliwezi. Chura akaona tena. Ila inzi akiwekwa juu, chura anarusha ulimi chini. Akiwekwa mbele, anarusha nyuma. Na hakujifunza, siku baada ya siku, mpaka mwisho. Kumbe kila unyuzi ulirudi kwenye kituo chake cha zamani kwenye ubongo, ingawa kituo hicho sasa kilimpa habari za uongo. Mazoezi hayakuupanga. Mwaka 1963 Sperry aliandika kwamba kila seli ya retina ina alama yake ya kikemikali, na ubongo nao una alama zake, na hizo mbili hutafutana.

Alama hizo zilichukua miaka mingine 30 hivi kupatikana, na mtu aliyefungua mlango ni Friedrich Bonhoeffer na wenzake kule Tübingen, Ujerumani. Walichukua utando wa seli kutoka sehemu ya mbele ya kituo cha kuonea katika ubongo wa kifaranga, na utando mwingine kutoka sehemu ya nyuma, wakaupaka kwenye sakafu kwa mistari inayopishana, mmoja wa mbele, mmoja wa nyuma, kama mkeka wa rangi mbili. Kisha wakaacha nyuzi za retina zipite juu yake. Nyuzi za upande wa sikioni zilifuata mistari ya mbele tupu, zikaikwepa ya nyuma kabisa. Unaona picha yake, nyuzi zimenyooka kwenye vichochoro kama zimechorewa rula. Mwaka 1987 wakaonyesha jambo ambalo wengi hawakulitegemea. Mistari ya mbele haikuwa na utamu wowote uliozivuta nyuzi, kwa sababu walipoiharibu protini iliyomo kwenye mistari ya nyuma, nyuzi zilianza kupita kote. Zilikuwa zinafukuzwa. Protini zenyewe zilitambuliwa mwaka 1995, zikaja kuitwa efrini, na vipokezi vyake kwenye unyuzi, yaani protini zinazozihisi efrini, vinaitwa Eph. Zimetandazwa kwa kupanda na kushuka, kidogo mbele na nyingi nyuma, ili unyuzi wenye vipokezi vingi usimame mapema na wenye vichache uende mbali.

Shika neno hilo, efrini, maana tutakutana nalo tena kwenye njia panda ya mwanao.

Kufukuzwa kuna sura yake pia chini ya hadubini. Mkono unaotembea vizuri ukigusa protini ya kufukuza, vidole vinaingia ndani, kiganja kinasinyaa, kinabaki kijiti. Umeona majani ya kifauongo yakiguswa? Ndivyo hivyo hasa. Baada ya muda mkono unafunguka tena, ila sasa umeelekea kwingine.

Zipo na zinazovuta. Minyoo midogo ya maabara ambayo mwendo wake umeharibika ilitoa dalili ya kwanza, ikapatikana jeni inayoitwa unc-6. Kisha mwaka 1994 kundi la Marc Tessier-Lavigne huko San Francisco likasafisha protini inayofanana nayo kutoka kwenye ubongo wa maelfu ya viinitete vya kuku. Wakaipa jina netrini, kutoka neno la Kisanskriti la anayeongoza. Kwa miaka zaidi ya 20 tulifundisha kwamba netrini hutoka kwenye mstari wa katikati wa uti wa mgongo na kusambaa kama harufu ya pilau jirani, nyuzi zikaifuata kutoka mbali. Nami nimefundisha hivyo. Mwaka 2017 makundi mawili yaliondoa netrini ya mstari wa katikati peke yake, ikabaki ile inayotolewa na seli zilizo kando ya njia, na nyuzi nyingi zikafika vilevile. Baadaye ikaonekana kwamba kwenye uti wa mgongo zote mbili zina mchango. Kwa hiyo siku hizi nasema netrini ni zaidi ya harufu. Kwa sehemu kubwa ni njia iliyopakwa gundi, unyuzi unaikanyaga hatua kwa hatua.

Hapo kuna fumbo lililonipendeza kuliko yote tangu nianze kazi hii. Kama mstari wa katikati unavuta, mbona unyuzi ukifika hapo haugandi? Na ukishavuka, mbona haurudi? Jibu lilitoka kwa nzi wa matunda. Corey Goodman na wenzake mwaka 1993 walipata nzi wenye hitilafu ambao nyuzi zao huvuka mstari, zinarudi, zinavuka tena, zinazunguka. Wakaiita jeni hiyo kwa neno la Kiingereza ambalo madereva wetu wangelitafsiri kipilefti, na kwa kifupi inaitwa Robo. Robo ni kipokezi, na mwaka 1999 ikathibitishwa kwamba inachokipokea ni protini ya kufukuza, Sliti, inayotolewa na mstari huohuo wa katikati. Unyuzi unapokaribia mara ya kwanza huwa umevificha vipokezi vyake vya Robo, kwa hiyo hausikii kufukuzwa. Ukivuka tu, vipokezi vinapanda juu, na mahali palipokuwa panapitika panakuwa hapakaliki. Hauwezi kurudi. Mlango ni uleule, ila aliyepita amebadilika.

Mambo haya hayako kwa nzi tu. Mwaka 2004 iligundulika kwamba watu ambao tangu kuzaliwa hawawezi kupeleka macho kulia na kushoto, na ambao uti wao wa mgongo hupinda wakiwa wadogo, wana hitilafu kwenye jeni ya ROBO3, na njia zao kubwa za neva hazikuvuka zilipotakiwa kuvuka. Wapo wengine ambao kipokezi chao cha netrini, DCC, kina hitilafu; wakifunga ngumi ya kulia, ya kushoto nayo inajifunga. Watu hao wanaishi, wanasoma, wanafanya kazi.

Sasa turudi kwenye jicho.

Nyuzi za kwanza kabisa kutoka kwenye retina husafiri katika wiki za mwanzo, wakati kiinitete kizima ni kidogo kuliko kidole chako gumba, kwa hiyo safari ni ya milimita chache. Zinazokuja nyuma zinashikilia zilizotangulia, kama wasafiri wanaofuata nyayo porini. Hatua ya kwanza ni kutoka ndani ya jicho: mdomo wa kutokea umepakwa netrini. Kisha zinaingia kwenye neva, zinafika njia panda, na pale kwenye mstari wa katikati zimesimama seli zenye efrini ya aina ya B.

Carol Mason na wenzake huko New York walionyesha mwaka 2003, kwa panya, kwamba seli za pembe moja ya retina, ile ya chini upande wa sikioni, zina kipokezi kinachoitwa EphB1. Unyuzi wenye kipokezi hicho ukigusa efrini ya mstari wa katikati unasinyaa, unageuka, unabaki upande wake. Usio nacho unapita kama hapana mtu. Na anayeamua seli iwe na kipokezi hicho ni protini nyingine iliyo ndani ya kiini cha seli, Zic2, ambayo huwashwa kwa muda mfupi tu seli inapokuwa changa. Kwa maneno mengine, uamuzi wa kuvuka au kubaki unachukuliwa jichoni, kabla ya safari. Njia panda inausoma tu.

Tumefika kwa mwanao. Ualbino wa kawaida zaidi hapa Tanzania unatokana na jeni ya OCA2, na kwa familia nyingi ni kipande kilekile cha jeni hiyo kilichokatika. Mtoto anakuwa na ualbino pale anapopokea jeni yenye hitilafu kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba, na wazazi wenyewe wanaweza kuwa weusi tii bila dalili yoyote. Kwa wazazi wa aina hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Bibi mkubwa akisikia hili aelewe kwamba nusu ya habari ilitoka kwa baba wa mtoto, nusu kwako, na hakuna aliyeichagua.

Jeni hiyo inahusika na melanini, ile rangi nyeusi ya mwili. Tunaifahamu kwa ngozi na nywele, lakini nyuma ya retina pia ipo safu ya seli nyeusi zilizojaa melanini, nayo imegusana na retina inayokua. Safu hiyo ikikosa rangi, ratiba ya kuzaliwa kwa seli za retina inachelewa. Kwa panya wenye ualbino, utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba seli zilizotakiwa kuwa na Zic2 zinazaliwa kwa kuchelewa na zinakuwa chache. Nyingine ambazo zingekuwa za kubaki zinapata sifa za seli za kuvuka. Hazina kipokezi. Zinafika kwenye njia panda, zinagusa efrini, hazihisi kitu, zinapita.

Jambo hili lilionekana mara ya kwanza kwa paka wa aina ya Siamese, wale wenye mwili mweupe na masikio meusi na macho ya makengeza. Ray Guillery alikuwa akichunguza ubongo wao mwaka 1969 akakuta tabaka la kituo cha kuonea limekatikakatika, limeingiliwa na nyuzi za upande wa pili. Baadaye ikaonekana hivyo kwa wanyama wengine wasio na melanini ya kawaida, na miaka ya 1970 ikapimwa kwa binadamu kwa kusoma umeme wa ubongo huku mtu akifunikwa jicho moja.

Kwa hiyo, Mwalimu, neno "zilipotea" ningependa ulitoe kwenye swali lako. Nyuzi za mwanao zilipapasa, zikasoma, zikafuata kila alama kwa usahihi uleule wa nyuzi zako na zangu. Zilichokosa ni kipokezi kimoja, kwa sababu seli zao zilizaliwa zikiwa zimechelewa. Hata baada ya kuvuka hazikumwagika ovyo: zilipanga foleni kwa mpangilio, na ubongo wa watu wenye ualbino umepimwa ukaonekana umezipokea na kuzitengea nafasi. Ndiyo maana mwanao hakosei kulia na kushoto, wala haoni vitu vimepinduliwa kama chura wa Sperry.

Nisikudanganye kwamba hakuna kabisa kinachoweza kudhuru nyuzi zikiwa safarini. Pombe inadhuru, maana inavuruga protini inayozishikanisha nyuzi, na watoto wa akina mama waliokunywa sana huweza kuzaliwa na daraja la katikati ya ubongo jembamba au lisilokuwepo. Lakini kubeba maji hakumo, wala kulia msibani.

Je, zinaweza kurudishwa? Hapana. Barabara hii inajengwa kabla ya kuzaliwa. Upasuaji wa makengeza unavuta misuli ya jicho, haugusi nyuzi. Hata hivyo usidhani kupita upande usio wake ndiko kunakomfanya asione vizuri ubaoni. Hilo linatokana zaidi na sehemu ya katikati ya retina, fovea, ambayo kwenye ualbino haikukomaa, na ndiyo tunayoitumia kusomea herufi ndogo. Nyuzi zilizovuka kupita kiasi zinampunguzia uwezo wa kukadiria umbali kwa macho mawili kwa pamoja. Atamimina chai nje ya kikombe, atakosea ngazi ya mwisho, mpira utampita. Usimwite mzembe kwa hilo. Kaka zake nao waambie.

Miwani aliyopewa aivae hata kama macho yanaendelea kucheza, kwa kuwa kazi yake ni kurekebisha ukungu, siyo kuzuia mchezo huo. Kofia pana na miwani ya jua vinamsaidia kwa sababu jicho lisilo na rangi linaingiza mwanga mwingi mno. Kushika kitabu karibu na pua hakumharibu, mwache. Uliza pia kliniki ya macho kuhusu kidarubini cha mkono cha kusomea ubao. Kwa umri wake ataweza kukitumia.

Na kuna kitu kimoja wewe kama mwalimu utakiona kabla ya daktari. Watoto wengi ambao macho yao yanacheza wana upande mmoja ambao wakielekeza macho huko yanatulia, au angalau yanapungua kasi. Wakiugundua, wanapinda shingo ili kile wanachokitazama kiangukie upande huo. Darasani anaonekana kama anamtazama mwalimu kwa jeuri, kwa pembeni, na nimesikia watoto wakichapwa kwa hilo. Jaribu jioni ya leo: mpe kitabu chenye picha, usimwambie kitu, uangalie kichwa chake kinaelekea wapi anapotaka kuona vizuri. Kama kinageukia kulia, macho yake yanatulia akiyapeleka kushoto, na hapo dawati lake liwe mstari wa mbele upande ambao ubao utamwangukia kushoto kwake. Kama kinageukia kushoto, ni kinyume chake. Kisha nenda kwa mwalimu wake wa darasa umwonyeshe ulichokiona, mkiwa na mtoto, ili ajue kwamba shingo ile isinyooshwe.